Maji Niliyomchemshia Mwanangu

Tulipohamia Kiamunyi nilianza kwa kutazama meno ya watu. Si adabu, na mke wangu amenikanya tangu tuoane, lakini ndiyo kazi inayonilisha. Mimi ni daktari wa ng'ombe wa ngazi ya chini. Ninapandisha ng'ombe kwa mbegu ninazobeba kwenye mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki, ninatibu waliovimba matumbo, na mtu akitaka kununua ng'ombe ananiita nimfungue mdomo nimwambie umri. Ng'ombe hana cheti cha kuzaliwa. Ana meno manane ya mbele, taya la chini, yanayobadilika mawili mawili, na anayejua kuyasoma hadanganywi na mwenye ng'ombe. Mimi nilijua kuyasoma, na nilijua kwamba nilijua, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Tulitoka Molo. Mke wangu alikuwa amehamishiwa ofisi ya Nakuru mjini, binti yetu alikuwa na miaka minane na shule ambayo mama yake aliitaka ilikuwa huku chini, na kijana wetu alikuwa na miezi kumi na mitano, anatembea kama mlevi na kuangusha kila kilichosimama. Tulipanga nyumba ya mabati ya bluu, yenye ua wa miiba ya kayaba pande tatu, tanki jeusi la maji ya mvua pembeni, na mfereji jikoni uliotoka kwenye kisima cha mtaa, kile kilichochimbwa kwa mashine hadi chini kabisa ya ardhi. Siku ya kuhamia upepo ulivuma, na vumbi la Kiamunyi, ambalo ni jepesi kama unga wa uji, likaingia kwenye magodoro, kwenye sufuria na kwenye masikio ya mtoto. Mke wangu alikaa juu ya gunia la viazi katikati ya sebule akasema kwamba aliolewa vibaya. Nikamkumbusha kwamba aliyehamishwa ni yeye.

Nyumba mpya hunipa raha ile ile ninayoipata nikiingia boma nisilolijua. Nilitaka kujua kila kitu: jua linaingilia dirisha gani, mbwa anayebweka asubuhi ni wa nani, maji ya mvua yanatorokea wapi. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa ule mfereji. Sabuni ilitoa povu lisiloisha. Unasuuza mikono, unasuuza tena, na bado inateleza. Chai ya majani yale yale tuliyotoka nayo Molo ilikuwa nyeusi zaidi, na ulimi ulibaki na kitu kidogo cha magadi. Na maharagwe yetu ya kule juu, yale magumu yanayokula makaa asubuhi nzima, hapa yalilainika kabla binti yangu hajamaliza kazi ya shule.

Hilo la maharagwe lilininyima amani. Jumamosi moja niliwasha majiko mawili uani nikaweka sufuria mbili, kila moja na kikombe kimoja cha maharagwe, hii kwa maji ya mfereji na hii kwa maji ya tanki. Mke wangu alitoka, akatazama, akauliza kama tumefungua hoteli. Nilikaa kwenye kigoda natoa haragwe moja moja na kulibonyeza kwa vidole. Ya mfereji yaliiva kwanza, tena kwa mbali. Nikahitimisha kwamba maji ya mfereji yana nguvu, na ya tanki, yaliyopita juu ya paa lenye vumbi na mavi ya ndege, ni ya kufulia nguo na kuoshea pikipiki. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna niliyemwambia.

Wiki ya pili kijana akaanza kuhara. Watu walisema ni mabadiliko ya maji, na huenda ni kweli; mtoto akihama, tumbo lake huchelewa kufika. Mke wangu hakutaka hekima za watu. Alitaka tumrudishe mtoto Molo kwa mama mkwe wangu mpaka tutulie. Nilikataa, kwa sababu familia iliyohama nusu haijahama, na nilijua kwamba mtoto akirudi, mama yake atafuata kila Ijumaa, na mwishowe nitabaki mimi na vumbi. Nikamwambia kwamba maji ya huyu mtoto yako juu yangu.

Kuanzia siku hiyo niliamka saa kumi na moja asubuhi, nikawasha jiko uani na kuweka sufuria kubwa bila kifuniko. Nilifundishwa chuoni kwamba vijidudu hufa kwa moto na kwa muda, na mimi si mtu wa kubahatisha. Niliyaacha maji yachemke mpaka yapungue karibu nusu, ndipo nikaamini. Yaliyobaki niliyamimina kwenye jagi, na jagi hilo lilikuwa la kijana: uji wake, kikombe chake, maji ya kumezea dawa. Sisi wengine tulikunywa ya mfereji vile yalivyotoka.

Kuhara kukaisha ndani ya siku nne. Nilitembea mtaani kifua mbele. Chini ya sufuria kulikuwa kunabaki ukoko mweupe, mgumu, niliokuwa naukwangua kila Jumapili kwa steelwool, na siku moja nilimwonyesha mke wangu kama ushahidi mahakamani: uchafu wote huu ungekuwa tumboni mwa mtoto. Aliniambia hongera. Aliacha kutaja habari za Molo, akanunua mapazia, akapanda sukuma wiki kando ya choo cha zamani, na nikaona kwamba sasa tumefika.

Turudi kwa meno. Ng'ambo ya kayaba alikaa mama mzee aliyeitwa shosho, yaani nyanya, na mtaa mzima. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, si mbali na hapo, kabla ya Uhuru, akaolewa huko huko, na shamba lilipokatwakatwa akapata kipande chake. Siku ya pili baada ya sisi kufika alituletea ndizi na maziwa ya chupa, akakaa kwenye kiti kimoja tulichokuwa tumekifungua, akacheka jambo fulani, nami nikaona. Meno yote yalikuwepo, yamejipanga vizuri, lakini yalikuwa ya kahawia kama sufuria ya chai, na yale ya mbele yalikuwa na vishimo vidogo vidogo.

Nikadhani ni ugoro. Kisha nikamwona mwenye kinu cha kusaga mahindi, naye hivyo hivyo. Fundi wa viatu. Mwanamke wa kibanda cha mboga na dada yake. Wengine walikuwa na kahawia, wengine mabaka meupe kama chaki. Msichana mmoja wa dukani, mrembo wa kusimamisha watu barabarani, hakucheka kamwe bila kuinamisha kichwa. Waliohamia juzi kama sisi meno yao yalikuwa ya kawaida. Nikawa na nadharia nyingi kuliko majirani: miwa, miraa, vumbi jeupe kama lile linalochimbwa Kariandusi, damu ya ukoo mmoja. Lakini shosho na mwenye kinu hawakuwa hata wa kabila moja, na msichana wa dukani alikuwa mlokole asiyegusa miraa.

Mke wangu aliniambia niulize. Kuuliza si ujinga, akasema. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la kumwaibisha mtu, nitagundua mwenyewe. Nilikuwa najidanganya. Nilipenda kugundua, basi. Mtu aliyezoea kusoma wanyama wasiosema hufika mahali akasahau kwamba binadamu anaweza kuulizwa. Na shosho nilizungumza naye kila siku iendayo kwa Mungu, yeye upande wake wa kayaba na mimi upande wangu, juu ya kuku wake na juu ya mvua, na wakati wote jicho langu moja liko mdomoni mwake.

Miezi kumi ikapita hivyo. Siku moja nikaitwa kwenye shamba lililo ndani kidogo kutoka Salgaa, mahali ambapo kelele za malori ya barabara kuu bado zinasikika. Aliyeniita alikuwa mteja wangu wa zamani wa Molo. Alikuwa ameona ng'ombe wa maziwa, mweusi wa madoa, na mwenye shamba, mzee mmoja mpole, alisema ng'ombe huyo ana miaka minne na nusu. Nikamshika ng'ombe puani, nikavuta mdomo wa chini. Meno manane, yote ya ukubwani, lakini yameliwa mpaka karibu na ufizi, tena yana rangi. Nikasema bila kupepesa macho kwamba huyu ni wa miaka kumi, na nikimhurumia, tisa.

Mzee hakupandisha sauti. Alimwita mkewe jikoni akamwuliza ng'ombe huyu alizaliwa lini, na mkewe, bila kujua kuna ubishi, akasema ni wiki ile ile ya mjukuu wao wa kwanza. Mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni bila suruali, anakula kiazi, na hata mimi nisingeweza kumpa miaka kumi. Mzee akanipeleka kwa ng'ombe wake wengine wawili. Meno yale yale. Kisha akanivusha ua mpaka kwa ndugu yake, ambaye ng'ombe wake hunywa mtoni, nikafungua midomo mitatu nikaona meno marefu, meupe, kama yale niliyofundishwa nayo.

"Ni maji, daktari," mzee akasema. "Hawa wangu wanakunywa ya borehole, kisima cha mashine, tangu wakiwa ndama. Kwani wewe umetoka wapi?"

Nikasema Molo. Akasema "Aa," kwa upole ulioniuma kuliko tusi, akamfungua ng'ombe kamba.

Mnunuzi alichukua ng'ombe wake huku akinicheka. Mimi nilipanda pikipiki nikarudi, na maneno ya mzee yakanifuata njia yote. Tangu wakiwa ndama. Nilijua maana yake kuliko yeye. Ng'ombe mzima akiletwa kutoka mbali akanywa maji hayo, meno yake yaliyokwisha kuota hayabadiliki rangi. Anayeharibika ni ndama, kwa sababu meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, hayajaonekana, na chochote anachokunywa kinajengewa humo. Nikafika Ngata nikaegesha pikipiki kando ya barabara. Nyumbani nilikuwa na ndama mmoja.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na kikombe chake cha plastiki. Nikakichukua mkononi mwake, akalia. Nikaenda jikoni, nikatoa sufuria yangu ya asubuhi, nikatazama ule ukoko mweupe chini yake, nikashikilia tumaini moja: kwamba huenda kile kibaya ndicho kilichokuwa kinabaki pale, na yale ya jagi yalikuwa yamesafika. Nilitaka mtu aniambie hivyo. Nikapita langoni na sufuria mkononi nikaenda kwa shosho.

Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, nikamwuliza kwa kigugumizi kama ni maji ya hapa yaliyofanya meno yake kuwa vile.

Hakukasirika. Aliweka gunzi chini. "Daktari, miezi yote hii unaniangalia mdomo nikiongea," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uulize."

Akanikaribisha kigoda akanieleza kila kitu nilichokuwa nimekitafuta kwa macho. Shambani alikozaliwa maji yalivutwa kutoka chini ya ardhi, na watoto wote wa vibarua waliota meno ya namna hiyo. Walidhani ndiyo rangi ya meno ya watu wazima. Mume aliyemwoa alikuwa na meno kama yake, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Watoto wao wakatoka vile vile. Kisha wakaja watu kanisani wakawafundisha kwamba ndani ya maji kuna kitu kinaitwa floridi, kidogo ni dawa na kingi ni sumu ya meno, na kwamba mtoto mdogo anyweshwe maji ya mvua. Wajukuu wake wote walilelewa kwa maji ya tanki. Meno yao nilikuwa nimeyaona na kuyahesabu miongoni mwa wageni.

Nikamwambia kwamba mimi ya kijana nachemsha. Nikamweleza kwa urefu, saa ya kuamka, muda wa kuchemka, jinsi yanavyobaki nusu, nikamwonyesha ukoko.

"Unachemsha ya mfereji?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nikiona huo moshi wako asubuhi nilikuwa nadhani ni ya tank." Akaichukua sufuria, akaitazama, akanirudishia. "Sasa wewe umesoma. Ukichemsha supu ipungue, chumvi inapungua ama inazidi?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Kila aliyewahi kupika analijua. Moto ulikuwa umeua vijidudu kama nilivyotaka, mvuke ukaondoka na maji matupu, na kile kilichoharibu meno ya mtaa mzima kikabaki ndani ya jagi, karibu mara mbili. Ukoko ulikuwa madini mengine tu. Miezi kumi nilioshea pikipiki maji mazuri na kumnywesha mwanangu yale mabaya baada ya kuyakoleza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisikia aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokaa. Shosho aliona uso wangu akainuka. Alinijazia ndoo ya maji ya mvua, akanisindikiza nayo mpaka langoni.

Jioni nilimweleza mke wangu yote, kuanzia kwa ng'ombe. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Alimpakata mtoto, akamfungua mdomo kama ninavyofanya mimi kazini, akatazama yale meno ya utoto, meupe, yasiyoweza kumwambia lolote. Kisha akauliza itaonekana lini.

Hilo ndilo swali tulilompelekea daktari wa meno mjini. Alitufafanulia taratibu. Meno ya mbele ya binti yetu yalikuwa yamekwisha kujengwa tangu Molo, hana shida. Ya kijana yalikuwa yakijengwa miezi ile ile. Hakuna picha itakayotuambia jambo la maana, na hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Tungoje yaote. Huenda yakawa safi, huenda yakawa na madoa, huenda yakawa na vishimo. Miaka mitano, akasema, au sita. Nje ya kliniki mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi barabarani, akasema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, twende nyumbani.

Basi tukaipindua nyumba yetu upya, kana kwamba ndiyo kwanza tunahamia. Tanki likawa la kunywa na mfereji ukawa wa kuoshea. Shosho alinifundisha ustaarabu wa mvua. Mvua ya kwanza si yako, ni ya paa. Unachomoa bomba pale linapoingia tankini, unaiacha mvua ioshe vumbi na mavi ya ndege na kuyamwaga chini, na unasimama pale na mwavuli mpaka maji yawe meupe mkononi, ndipo unarudisha bomba. Mara ya kwanza nililirudisha mapema, akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya kayaba. Nilijifunza pia kumwuliza. Nilimwuliza kila kitu, mpaka akasema afadhali enzi zile za kutazama.

Lakini tanki moja halivuki Januari na Februari. Kwa miezi hiyo ya kiangazi tulipata ndoo ya kuchujia, na ndani ya ndoo kulikuwa na makaa ya mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa na kusagwa iwe chenga nyeusi. Nilikaa siku nzima na ndoo hiyo nikitaka kujua inafanyaje kazi, na nilipoelewa nilifurahi kama mtoto. Kile kitu kilicho majini kinapenda mfupa na kinapenda jino. Ndiyo sababu kinakimbilia huko kikiingia mwilini mwa mtoto. Ukikiwekea mifupa njiani, kinashikwa nayo kwanza. Miaka yote nilikuwa nimeuza ujuzi wa ng'ombe, na sasa ng'ombe asiyejulikana alikuwa anasimama kati ya maji na mwanangu. Binti yangu alitaka kujua ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea na kuambiwa maji yamepitia wapi, alifungua mkoba, akatoa chupa mbili kubwa alizokuja nazo kutoka Molo, na hadi leo hujibebea zake.

Kungoja nako kuna adabu yake. Mwaka wa kwanza nilimfungua kijana mdomo kila Jumapili mpaka mke wangu akanikataza. Baadaye nikawa siwezi hata kutazama. Watu walinicheka kwamba daktari amekuwa na haya, anaongea na mtu akitazama viatu. Shosho alijua sababu. Nilikuwa nikimtazama usoni bila kushuka mdomoni, na siku moja aliniambia kwamba meno yake yametafuna mahindi ya kuchoma zaidi ya miaka sitini na hayajawahi kumwuma, nisiyafanye msiba. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyaogopa kama ukoma, na yeye alikuwa ameyaishia maisha mazima.

Kijana alipofika miaka sita meno ya chini yalianza kung'oka. La kwanza alilirusha juu ya paa kama watoto wanavyofanya, likaviringika likaingia kwenye gata la kukingia maji ya paa, nami nikapanda ngazi kulitoa kabla halijafika kwenye maji yetu ya kunywa. Yakaota mapya. Mke wangu ndiye aliyeyaona kwanza, akaniita kwa jina langu la ujana, na nikajua ni habari njema. Yalikuwa safi. Nilichinja jogoo, nikampelekea shosho paja, nikamwambia tumeponea chupuchupu. Alilipokea, akasema tungoje ya juu.

Ya juu yaliota likizo iliyopita. Nilijua yameanza kuota kwa sababu kijana alikuwa na pengo kubwa la kupigia mluzi na mluzi ukakoma. Wiki mbili nilipata kazi nyingi za mbali. Jumamosi moja nikiwa jikoni nakunywa chai, akaja akasimama mbele yangu, akainua kidevu kama alivyoona ng'ombe wakiinuliwa.

"Baba, nisome."

Nikamshika kidevu. Meno mawili ya mbele, mapana, yameshatoka zaidi ya nusu. Ncha zilikuwa nyeupe. Juu kidogo ya ncha kulikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba, umepita meno yote mawili kwa usawa mmoja, na juu ya mstari jino likawa jeupe tena mpaka kwenye ufizi. Jino hujengwa kuanzia ncha. Sikuhitaji mtu anisomee. Chini ya mstari ilikuwa Molo, juu ya mstari ilikuwa mvua, na ule mstari ulikuwa ni mimi.

Nilifikiri kumwambia kwamba ni alama ya kawaida ya watu wa hapa, na isingekuwa uongo mkubwa. Lakini alikuwa amesimama amenyanyua kidevu, anangoja.

"Ni maji," nikasema. "Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuchemshia maji, na nilikosea. Nimeharibu meno yako. Naomba unisamehe."

Alipitisha ulimi juu ya meno yake polepole, akilitafuta hilo nililolisema. Hakulipata, kwa sababu mstari hauna mwinuko. Akauliza kama nilikuwa nachemsha kila siku. Nikasema kila siku, saa kumi na moja asubuhi. Akauliza kama dada yake naye alikuwa anachemshiwa.

"Hapana. Ni wewe peke yako."

Hilo alilifikiria. Akauliza kama saa hizo kulikuwa na giza. Nikasema giza, na baridi, na moshi wa makaa. Akauliza nilikuwa nakaa na nani. Nikasema nilikuwa nakaa peke yangu kwenye kigoda, nangoja yapungue.

"Ungeniamsha," akasema. "Ningekuja tukae."

Nikamwambia kwamba hata kuongea alikuwa bado hajajua.

"Hata kama," akasema, akatoa kidevu chake mkononi mwangu, akaenda nje kucheza.